Nimeweka wazi data zangu zote za togwa na utando wa maji ya nazi, hata za mabeseni yaliyoharibika

#1 BintiPangani

Wana jukwaa, habari zenu.

Jana usiku nilibonyeza kitufe cha kuchapisha, na data za kazi yangu ya miaka mitatu zikawa wazi kwa yeyote mwenye bando la kuzipakua. Nafungua uzi huu niwaeleze ni data za nini na kwa nini sikuzichuja, kisha mzikague. Nahitaji macho mengi.

Mimi ni mtafiti wa sayansi ya chakula, naishi Tanga mjini. Kazi yangu ina pande mbili ambazo wengi huona hazina undugu. Upande wa kwanza ni togwa: uji wa mahindi au mtama unaotiwa kimea cha ulezi ukaachwa uchachuke. Upande wa pili ni utando, ile ngozi nyeupe nzito inayoota juu ya maji ya nazi ukiyatia sukari, siki kidogo na mbegu ya kombucha (chai iliyochachushwa), ukayaacha palipotulia. Togwa ni chakula moja kwa moja. Utando nao huliwa, ila ukiuosha na kuukausha unageuka malighafi: unatoa karatasi, unatoa kitu cha kukaribia ngozi ya viatu, na hospitalini utando wa namna hii umetumika kufunika vidonda vya moto.

Undugu wao ni kwamba vyote viwili ni kazi ya vijidudu vinavyokula sukari na kutoa tindikali. Anayefuma utando ni bakteria wa jenasi ya Komagataeibacter. Kila mmoja anatoa uzi wa selulosi mwembamba mno, upana wake unapimwa kwa nanomita, na nyuzi za mamilioni yao zinasukana pale maji yanapokutana na hewa. Mwingereza Adrian Brown aliuelezea utando huu mwaka 1886. Ufilipino wameufanya biashara: Teódula Kalaw África aliutengeneza kwa maji ya nazi mwaka 1949, na leo vipande vyake vitamu vinauzwa duniani kwa jina la nata de coco. Maji hayo hayo hapa kwetu muuza nazi akishavunja anayaacha yamwagike mtaroni. Nimepita sokoni asubuhi nikakanyaga madimbwi yake.

Sasa kwa nini nimeweka wazi kila kitu.

Nilipoanza upande wa togwa nilihitaji vipimo vya mtu aliyenitangulia katika taasisi moja. Ripoti yake ilikuwepo kabatini, ina grafu safi na wastani wa kila kitu. Nikaomba namba zenyewe, zile za kila saa na kila chungu. Nikajibiwa zilikuwa kwenye kompyuta iliyokwisha kuuzwa kama chakavu. Nikairudia kazi ile upya, miezi saba, kwa fedha ya walipa kodi, ili nipate kitu ambacho kilishapatikana.

Wala hili si letu peke yetu. Mwaka 2014 Timothy Vines na wenzake walitafuta data za makala 516 za utafiti wa viumbe, zenye umri wa miaka 2 hadi 22. Waligundua kwamba kila mwaka unaopita, uwezekano wa kuzipata unashuka kwa 17%. Barua pepe zimekufa, diski zimeoza, mwenyewe kahama. Mtu anatumia ujana wake kupima, halafu kinachobaki ni picha ya grafu.

Nimeziweka Zenodo, hazina ya data iliyoanzishwa mwaka 2013 na inayotunzwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva. Haitozi chochote, si kuweka wala kupakua. Kuna mafaili matatu. La kwanza ni togwa kutoka majumbani Muheza, Maramba, Korogwe, Lushoto na Pangani: pH (kipimo cha utindikali, ikishuka ndivyo tindikali inavyozidi), joto, aina ya nafaka, uzito wa kimea. La pili ni mabeseni ya utando: tarehe ya kuanza, sukari, siki, unene, uzito mbichi na mkavu, na safu ya maelezo. La tatu ni la maandishi matupu, linaeleza kila safu ina maana gani. Hilo la tatu limenichukua muda kuliko yote mawili.

Majina ya kina mama walionipa togwa hayamo. Niliwasomea nitakachoandika, wakakubali, na waliokataa nimewaondoa.

Mabeseni yaliyoota ukungu, yaliyokaa wiki mbili bila utando, yaliyotoa utando uliopasuka, yote yamo. Karibuni.

#2 Mdau_Mikindani

Dada hongera, kazi imesimama. Ila swali langu la msingi: huogopi? Mtu anapakua leo, kesho anaandika makala kwa jina lake, keshokutwa kafungua kiwanda cha hiyo nata. Wewe unabaki na basi la Tanga–Pangani.

#3 BintiPangani

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na ndilo lililonichelewesha mwaka mzima.

Kwanza, rekodi ikishachapishwa inapewa namba ya kudumu ya DOI pamoja na tarehe. Kwa hiyo ushahidi kwamba mimi ndiye niliyepima, na lini, sasa ni wa hadharani. Kabla ya jana ulikuwa kwenye daftari langu tu. Anayeweza kuibiwa kirahisi ni yule ambaye hakuna anayejua anacho nini.

Pili, leseni niliyochagua ni CC BY. Tumia, badilisha, hata uza, ila sharti unitaje. Ipo nyingine, CC0, inayoachilia hata sharti hilo. Sikuitaka, maana kwenye hizi data kuna jasho la wale kina mama, na nikitajwa mimi wanatajwa wao kwenye shukrani.

Tatu, acha nikupe mfano wa watu waliotoa na kikaongezeka. Kuna mradi wa chachu za mkate za nyumbani. Watu wa kawaida kutoka mabara manne walituma chachu zao kwenye maabara za Marekani, zikafika 500. Elizabeth Landis, Rob Dunn, Benjamin Wolfe na wenzao wakachapisha matokeo mwaka 2021, data zikiwa wazi. Walitarajia, kama wengi wetu, kwamba chachu ya mji huu itatofautiana na ya mji ule. Jiografia ikaonekana kuwa na nguvu ndogo sana. Badala yake wakaonyesha kwamba bakteria wa siki, ndugu wa karibu wa huyu wangu mfuma utando, wamo kwenye chachu nyingi za mkate na wanabadilisha harufu na namna unga unavyoumuka. Kundi hilo lilikuwa linapuuzwa.

Nilisoma hilo nikiwa na togwa mbele yangu. Nikarudi kwenye vyungu ambavyo nilivitia alama "harufu ya siki, tupa". Sikuvitupa tena. Vimo kwenye faili la kwanza.

#4 FundiKiatu

Dada BintiPangani salaam. Mimi nashona viatu na mikoba Kariakoo, siwezi kukudanganya hayo ya bakteria yananipita. Lakini umesema ngozi. Ngozi inapanda bei kila siku. Huo utando nikiupata mkavu naweza kuupiga sindano? Unavumilia soli? Naomba jibu la fundi kwa fundi.

#5 BintiPangani

Kaka FundiKiatu, asante kwa kuuliza hivyo. Nakujibu nilichokiona kwa mikono yangu.

Utando wa siku 12 hivi unatoka kwenye beseni ukiwa mzito na unateleza, kama nyama ya dafu changa iliyokomaa kidogo. Karibu wote ni maji, takriban 99% ya uzito. Ninauchemsha kwenye magadi makali ya maabara hadi rangi ya manjano itoke, nausuuza mpaka maji yawe safi, kisha nautandaza juu ya ubao wa mninga uliopigwa msasa. Usipoubandua ukiwa na unyevu kidogo, unashika mbao hadi mistari ya mti inabaki imejichora juu yake. Ukikauka kabisa, ule uliokuwa na unene wa sentimita moja unabaki mwembamba kama karatasi ya bahasha, unapitisha mwanga, na ukiutikisa unalia kama bati.

Nguvu ipo. Uzi mmoja wa selulosi hii ulipopimwa na watafiti ulionekana kuwa mgumu kuvutika kiasi cha gigapaskali 114, zaidi ya kioo. Lakini uzi mmoja si mkoba. Karatasi yangu kavu ukiipiga sindano kwenye mstari ulionyooka inachanika kufuata matundu, kama stempu. Nikiilainisha kwa glisirini inashonwa vizuri zaidi. Adui mkubwa ni mvua. Haina mafuta, haina lignini (ile gundi ya asili inayokaza mti), inapenda maji. Ikilowa inavimba na kulegea. Suzanne Lee, mbunifu wa London aliyeanza kushona makoti kwa utando wa kombucha tangu miaka ya 2000, amelisema hilo waziwazi. Nimejaribu nta ya nyuki: inasaidia manyunyu, haisaidii dimbwi.

Kwa hiyo soli hapana. Bitana ya ndani, pochi ndogo, kava la daftari, ndiyo. Vipimo vyote vya nta vimo kwenye faili la pili, vyenye herufi N kwenye safu ya matibabu. Ukija Tanga nitakupa vipande vitatu uvichane wewe mwenyewe, na utakachokiona nitakiandika.

#6 MamaLisheMuheza

Mimi naomba kuuliza kuhusu togwa. Mtoto wangu ana mwaka na nusu. Bibi yake anasema togwa inazuia kuhara, nesi kliniki akaniambia niwe mwangalifu. Nani yuko sahihi?

#7 BintiPangani

Mama, wote wawili wana sababu.

Bibi ana ushahidi nyuma yake. Miaka ya 1980 na 1990 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, akiwemo Wilbald Lorri, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walifanya kazi kubwa juu ya uji uliochachushwa. Rose Kingamkono na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba vijidudu vya kuhara vikitiwa kwenye uji unaochachuka hushindwa kukua pH inaposhuka. Na kimea kinalainisha uji mzito, mtoto anapata unga mwingi kwa kijiko kilekile.

Nesi naye yuko sahihi kwa sababu tindikali inachelewa. Togwa ya saa tatu bado ni uji vuguvugu, na uji vuguvugu ni mazingira mazuri ya kila kijidudu. Chemsha uji, acha upoe, tia kimea safi kisicho na ukungu, tumia mbegu ya togwa nzuri ya jana ili ichache haraka, funika. Na mtoto akiharisha mpeleke kliniki, togwa si dawa.

#8 Mwanachuo_Moro

Shikamoo dada. Niko mwaka wa tatu, naanza mradi wangu wa kuhitimu kuhusu mtindi. Msimamizi kaniambia "tunza data vizuri" halafu hakuongeza neno. Nimepakua faili lako la tatu, limeniogopesha, ni kurasa kumi na moja. Nianzie wapi? Makosa gani yalikutokea wewe?

#9 BintiPangani

Marahaba mdogo wangu. Hapa nitakaa kidogo, uniwie radhi.

Kosa langu kubwa lilikuwa la saa. Msaidizi wangu alikuwa anapima pH ya togwa kila baada ya saa sita na kuandika kwenye daftari: 2, 8, 2, 8. Mimi jioni naingiza kwenye kompyuta: 02:00, 08:00, 14:00, 20:00. Kirekodi cha joto kilichokaa ukutani kilijiandikia chenyewe kwa saa ishirini na nne. Miezi minne nikawa naangalia grafu ambayo haiingii akilini. Tindikali inaongezeka kwa kasi, halafu saa sita baadaye ndipo joto la chumba linapanda. Kana kwamba togwa inajua jua litatoka. Nilisoma makala, nikauliza watu, nikaanza hata kuandika maelezo ya kitaalamu kuhusu vijidudu vinavyozoea baridi.

Siku moja nilifika maabara saa moja asubuhi, nikakaa. Msaidizi akaja saa mbili kamili, akapima, akaandika "2".

Saa mbili asubuhi, mdogo wangu. Saa nane za mchana ndiyo 14:00. Alikuwa anaandika saa za Kiswahili kama mtu yeyote mwenye akili timamu wa nchi hii, na mimi niliyezaliwa Pangani nikazisoma kama za mgeni. Kila kipimo kilikuwa kimerudi nyuma saa sita. Nilipozisogeza, joto na tindikali zikatembea pamoja, na ile "hoja yangu ya kitaalamu" ikayeyuka. Sasa safu ile inaitwa "saa_24", na kwenye faili la tatu kuna aya nzima inaeleza kilichotokea, maana data za zamani za nchi hii lazima zina kosa hilo hilo, na atakayezisoma akiwa mbali hatajua kamwe.

La pili. Sampuli zangu nilizipa majina ya mahali: MUH1 ya Muheza, KOR1 ya Korogwe, LUS1 ya Lushoto. Za Maramba nikaziita MAR1, MAR2, hadi MAR6. Excel ikaona MAR2, ikaamua ni tarehe 2 Machi. Haikuniuliza. Sampuli sita za Maramba zikageuka kuwa siku sita za mwezi wa tatu, na programu ya kuchora grafu ikaziruka. Usione aibu likikupata. Mwaka 2016 Mark Ziemann na wenzake walikagua makala za jenetiki zenye majedwali ya Excel na kukuta karibu moja kati ya tano ina majina ya jeni yaliyoharibiwa namna hii. Ikabidi mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni ibadilishe jeni zenyewe: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Wakati huo ilikuwa rahisi kuwabadilisha binadamu wote kuliko kubadilisha programu. Wewe weka safu kuwa "maandishi" kabla hujaandika chochote, na hifadhi nakala ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu.

La tatu ni vipimo vya jikoni. Mama anakwambia "kikombe kimoja cha kimea kwa pishi ya unga". Kikombe cha nani? Nilipima vikombe vya nyumba tano kwenye mzani na hakuna viwili vilivyolingana. Usiandike kikombe peke yake. Andika kikombe kama alivyosema, halafu safu ya pembeni uandike gramu ulizopima. Yote mawili yabaki, maana kesho mtu atataka kurudi kwa mama huyo na hatamkuta anatumia gramu.

La nne, majina ya bakteria hubadilika. Ukitafuta data za mfuma utando kwa jina la leo, Komagataeibacter xylinus, utakosa za miaka mingi zilizoandikwa Gluconacetobacter xylinus, na kabla ya hapo Acetobacter xylinum. Tafuta yote matatu. Kwenye mtindi wako ndiyo usiseme: mwaka 2020 jenasi ya Lactobacillus iligawanywa, zikazaliwa jenasi mpya 23. Yule plantarum tunayemkuta sana kwenye togwa sasa anaitwa Lactiplantibacillus plantarum. Andika jina ulilotumia na mwaka.

Kurasa kumi na moja zisikutishe. Mimi nilianza na sentensi moja kwa kila safu: nini, kwa kipimo gani, kwa chombo gani, nani aliandika. Fanya leo, kabla hujasahau. Ukiacha mpaka wiki ya kukabidhi, utaandika unachodhani.

#10 KakaKilifi

Salamu kutoka Kilifi. Huku kwetu maji ya nazi pia yamwagwa tu, nitajaribu hii ya utando. Lakini nina wasiwasi mwingine. Wewe wasema wazi, wazi. Hivi vijidudu vya togwa ni vya nyanya zetu. Kampuni kubwa ya ng'ambo ikichukua, ipige pesa, Maramba yapata nini? Nchi zetu zishaliwa hivi mara nyingi.

#11 BintiPangani

Kaka, ninalichukulia hili kwa uzito wote.

Nimeweka namba. Vijidudu vyenyewe sikuviweka. Viko kwenye friji hapa, na kuvitoa nje ya nchi kunaongozwa na sheria na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014, ambayo inataka idhini na mgawanyo wa faida. Tundu lilikuwa kwenye mfuatano wa DNA: ukishausoma na kuuweka mtandaoni, kampuni haihitaji tena chupa yako. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana Montreal mwaka 2022 kuunda utaratibu wake, na mkutano wa Cali, Kolombia, mwaka 2024 ukazaa Mfuko wa Cali. Kampuni kubwa zinazonufaika na mifuatano hiyo zinatarajiwa kuchangia 1% ya faida au 0.1% ya mapato, na angalau nusu ya fedha iende kwa jamii asilia na wenyeji. Ila ni kwa hiari, na hapo mimi siridhiki.

Kwa hiyo mifuatano ya DNA ya togwa ya Maramba sijaiweka. Nimeandika kwenye rekodi kwamba ipo, na kwamba tunazungumza kwanza na kijiji. Joto, pH na unene wa utando havimnyang'anyi mtu kitu.

#12 MzeeDaftari

Binti yangu, hujambo. Nimefanya kazi ya maabara miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Nimepakua faili lako la mabeseni, nikalichapa kwenye karatasi, nikakaa nalo barazani siku mbili.

Wewe umelipanga kwa namba ya beseni. Mimi nimelipanga upya kwa siku ya wiki ambayo beseni lilianzishwa. Kwenye safu ya maelezo umeandika "tabaka mbili, utando dhaifu" mara kumi na saba. Kumi na tano kati ya hizo ni mabeseni ya Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Ya Jumamosi na Jumapili, ambayo ni mengi tu, hakuna hata moja.

Vijidudu havina kalenda. Naomba kujua, Ijumaa mnafanya nini hapo?

#13 BintiPangani

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, nikamwita msaidizi, tukasimama wote mbele ya meza.

Ijumaa ni siku ya kudeki. Asubuhi kabla ya swala, meza ya mabeseni inavutwa kutoka ukutani, sakafu inapigwa maji, meza inarudishwa. Imefanyika hivyo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kuandika.

Beseni lililoanza Jumatano, ikifika Ijumaa utando wake una siku mbili. Ni mchanga kama ngozi ya maziwa. Meza ikivutwa maji yanapanda juu yake, unazama upande mmoja, na kwa kuwa bakteria hawa wanafuma kule kwenye hewa, wanaanza utando mwingine juu. Ndizo tabaka mbili. Lile lililoanza Jumamosi, ikifika Ijumaa lina siku sita, utando umeshika kingo za beseni pande zote, hautikisiki.

Kwenye ripoti yangu nilikuwa nimeandika "huenda ni ubora wa nazi". Nilibadilisha muuza nazi mara mbili kwa ajili ya hilo. Yule wa kwanza alikuwa ananiwekea maji yake kwenye dumu safi kila asubuhi bila kukosa, na nilimwambia nazi zake zimelala. Kesho nampitia nimwombe radhi.

Mzee, hizo mbili zilizobaki ni za Jumatatu moja, na sizielewi. Ninaziacha na alama ya kuuliza kwenye faili.

#14 MzeeDaftari

Usizifute. Na muuza nazi mpelekee huo utando akaone maji yake yamekuwa nini.

#15 FundiKiatu

Kwa hiyo dada, zile za tabaka mbili ndizo zilizokuwa zinachanika? Maana mimi nilikuwa nimeshakata tamaa na sindano.

#16 BintiPangani

Nyingi ya zile nilizozipiga sindano zilikuwa za tabaka mbili, kaka, kwa sababu nilichagua zile ambazo sikuwa na kazi nazo nyingine. Nimeangalia sasa hivi. Kwa hiyo jibu nililokupa pale juu kuhusu kuchanika kama stempu sina tena uhakika nalo. Kuhusu mvua nasimama pale pale.

Faili lililokwisha kuchapishwa sikuligusa. Zenodo unaweka toleo jipya na la zamani linabaki. Toleo la pili nimelipandisha jioni hii. Lina safu mpya inayoitwa "siku_ya_kudeki", na kwenye shukrani yupo msomaji wa jukwaa aliyepanga mabeseni kwa siku za wiki. Mzee, ukipenda jina lako kamili liwemo niandikie faraghani.

Leo ni Jumanne. Kesho asubuhi naanza mabeseni sita, maji ya nazi ya muuzaji mmoja, mbegu moja, sukari sawa. Matatu yatakaa mezani, matatu kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani. Ijumaa tutadeki kama kawaida.